Anemoni Amesinyaa, Amehama au Ameachama: Tafuta Chanzo Kwenye Maji

Jioni anemoni, yule mnyama laini wa baharini mwenye minyiri, alikuwa amejaa, minyiri imetanda. Asubuhi amebaki kifundo kilicholegea juu ya jiwe kama soksi iliyovuliwa. Hapo ndipo wafugaji wengi wapya huingiza mkono tangini. Wanambandua, wanamsogeza karibu na taa, wanamsukumia kipande cha nyama ya kamba mdomoni, kisha wanamimina chupa yoyote waliyouziwa dukani. Anemoni aliyekuwa anajisafisha tu anaanza kuumwa kwelikweli.

Maelezo haya ni ya mtu mwenye tangi la maji ya chumvi nyumbani, liwe Mombasa, Dar es Salaam au hata Nairobi, ambalo halijafikisha mwaka. Karibu kila dalili utakayoiona chanzo chake kimo katika maji au katika upya wa tangi lenyewe. Mnyama ni wa mwisho kushukiwa.

Pima kwanza

Vipimo vitatu vinatangulia vyote: joto, chumvi na amonia, yaani sumu inayotokana na uchafu na uozo. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Chumvi iwe gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, yaani hidromita, kipimo cha uzito wa maji, isome 1.025 au 1.026. Amonia isionekane kabisa, na nitriti vivyo hivyo. Ukiwa na vifaa zaidi, pH, kipimo cha uasidi wa maji, ikae kati ya 8.1 na 8.4, na nitrati isipande sana. Miligramu 5 hadi 20 kwa lita si tatizo kwa anemoni wengi.

Hidromita za plastiki zenye mshale hudanganya. Kiputo kidogo cha hewa kikiganda kwenye mshale, kipimo kinapanda na wewe unaongeza maji matamu bila sababu. Rifraktomita, inayopima chumvi kwa mwanga, ni bora, ilimradi uisawazishe kwa maji maalumu ya kusawazishia yenye chumvi ya 35, si kwa maji matupu peke yake.

Baada ya hapo jiulize tangi lina umri gani. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kujijenga kwenye mawe na mchanga. Muuzaji akiona amonia imeshuka atakwambia tangi liko tayari. Kwa samaki mmoja mgumu, labda. Kwa anemoni, hapana: tangi la miezi miwili bado linayumba, pH inapanda na kushuka, mwani wa kahawia unatanda kisha unatoweka, na mnyama asiye na gamba wala magamba anaisikia kila hali hiyo mwilini. Mimi nashauri miezi sita kwa uchache, na tangi lisipungue lita 200, kwa kuwa katika maji machache kosa dogo huwa kubwa upesi.

Kama tayari umemnunua na tangi ni changa, usimrudishe dukani akateseke safari ya pili. Badilisha maji kidogo kidogo, robo ya tangi kwa mara moja, usiongeze samaki mwingine, na upime amonia kila siku.

Kuna anemoni mmoja wa Uskoti aliyeokotwa ufukweni mwaka 1828 na mtaalamu wa viumbe John Dalyell. Aliishi ndani ya chupa ya kioo mjini Edinburgh hadi mwaka 1887, akirithiwa na watunzaji mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na pampu wala skima, kile kifaa cha kutoa uchafu kwa povu. Alichokuwa nacho ni maji ya bahari yaliyobadilishwa mara kwa mara. Yule alikuwa wa bahari ya baridi, asiyehitaji mwanga kama hawa wetu wa tropiki, kwa hiyo usiige chupa. Ila miaka 59 ni mingi, na inaonyesha mnyama huyu anaweza kudumu kiasi gani akipata maji mazuri.

Amesinyaa

Anemoni hana mifupa. Anasimama kwa maji aliyoyajaza mwilini. Mara kwa mara huyatoa yote, pamoja na uchafu wa chakula, kisha hujijaza mapya. Utaona nyuzi za kahawia zenye utelezi zikitoka mdomoni. Huo ni uchafu, na wakati mwingine ni mwani mdogo wa ziada ambao huishi ndani ya nyama yake na kumtengenezea chakula kwa mwanga. Akisinyaa kwa saa kadhaa, hasa siku moja baada ya kula au taa zinapozimwa, hiyo ni kawaida. Mwache.

Shaka inaanza pale anaposinyaa na kujaa, akasinyaa tena, mara nyingi kwa siku. Au akikaa amelegea zaidi ya siku mbili huku mdomo hauzibi. Hapo rudi kwenye vile vipimo vitatu. Amonia ikionekana, badilisha maji siku hiyohiyo na umtafute aliyekufa, kwani mara nyingi kuna samaki au konokono anaoza nyuma ya jiwe. Kama amonia haipo, angalia joto. Kama joto ni sawa, angalia chumvi.

Vyote vitatu vikiwa sawa, fikiria kilichoingia tangini hivi karibuni. Dawa ya kupuliza mbu ndiyo ninayoishuku mapema katika nyumba za kwetu. Sumu za jamii ya pairethroidi huua samaki na viumbe wa majini kwa kiasi kidogo sana, na pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuipeleka moja kwa moja kwenye maji. Funika tangi, zima pampu ya hewa, au bora zaidi usipulize chumba hicho kabisa. Losheni na sabuni mikononi ni jambo la aina hiyohiyo.

Kisha kuna shaba. Dawa nyingi za madoa meupe ya samaki zina shaba, na shaba haimfai mnyama yeyote asiye na uti wa mgongo. Hata ukibadilisha maji, hunata kwenye mawe na mchanga na kurudi kidogo kidogo. Ukinunua tangi lililotumika, muulize mwenyewe kama aliwahi kutibu samaki humo. Asipokumbuka, mawe yake usiyachukue.

Joto la pwani na chumvi inayopanda

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo matangi mengi ya pwani yanapoharibikia. Wakati wa kaskazi chumba kinafika nyuzi 32 mchana. Taa na pampu zinaongeza joto lake, na tangi linafika nyuzi 31 bila mtu kugundua, maana watu wengi hutazama kipimajoto asubuhi, saa ambayo maji yamepoa. Pima saa tisa alasiri.

Feni inayopuliza juu ya maji hushusha joto kwa nyuzi mbili au tatu, kwa kuwa maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Ni njia nafuu na inafanya kazi. Lakini mvuke hauchukui chumvi. Tangi la lita 100 lenye gramu 35 kwa lita lina chumvi kilo tatu na nusu. Likipoteza lita 10 chumvi yote inabaki katika lita 90, na kila lita sasa ina karibu gramu 39. Anemoni anasinyaa, mwenye tangi anasema ni ugonjwa.

Kosa la pili linakuja juu ya hilo: kujazia pengo kwa maji ya bahari. Ukijaza zile lita 10 kwa maji ya chumvi umeongeza gramu nyingine 350, na kila lita inabaki na gramu 38 na nusu hata baada ya tangi kujaa. Rudia hivyo mara moja tena na umepita 40. Maji yaliyopotea kwa mvuke hurudishwa kwa maji matamu safi, yasiyo na klorini, kila siku kidogo. Maji ya chumvi ni ya siku ya kubadilisha maji tu. Na ukikuta chumvi imeshapanda, usiishushe yote kwa mara moja. Ishushe kwa siku kadhaa.

Nairobi kisa ni kingine. Usiku wa Julai unaweza kushusha tangi chini ya nyuzi 20, kwa hiyo hita ni lazima. Kwa kuwa mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yake hushika oksijeni pungufu kuliko ya Mombasa. Uso wa maji utikiswe vizuri usiku na mchana. Maji ya kisima nayo huwa na madini mengi, fluoridi ikiwemo, hivyo mashine ya RO, inayochuja maji kwa utando, si anasa.

Umeme ukikatika, oksijeni ndiyo huisha kabla ya kitu kingine chochote. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni bei ya chakula cha mchana, na wanaokaa sehemu zenye mgao wasianze kufuga anemoni bila hiyo.

Maji ya kuchota na chumvi ya dukani

Mtu wa pwani anaona bahari iko karibu, ya nini kununua chumvi? Maji ya kuchota yanafaa, tena sana, ukijua saa na mahali. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito, bandari na mabomba ya maji taka. Usichote katikati ya masika. Mto Sabaki ukifurika, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo na chumvi ya maji ya ufukweni hushuka. Yachuje kwa kitambaa kizito, yaweke gizani siku kadhaa pampu ikizunguka, pima, ndipo utumie.

Kisichofaa ni chumvi ya kupikia, hata ile inayotoka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni. Ni kweli ilitoka baharini, lakini maji yanapokaushwa juani, sehemu kubwa ya kalisi hutuama mapema ikiwa jasi, na magnesi hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Kinachovunwa ni karibu kloridi ya sodiamu tupu. Hidromita itasoma 1.025 sawasawa na anemoni atakufa vilevile.

Ameachama, anayeyuka

Mdomo wa anemoni mzima umefungwa, au umefunguka kidogo wakati wa kula na kutoa uchafu. Ukikaa wazi hadi unaona ndani, au utumbo mweupe umetokeza nje, hali ni mbaya. Angalia minyiri: ukiigusa kwa kijiti, bado inanata? Mguu bado umeshika jiwe? Kama ndiyo, kuna matumaini. Badilisha robo ya maji, punguza taa, zima pampu inayompiga moja kwa moja, na usimlishe.

Kama ananuka uozo, nyama inajitenga na kuelea vipande vipande, amekufa au yuko njiani. Mtoe sasa hivi kwa chombo, ukiwa umemfunika ndani ya maji ili vipande visisambae. Usingoje kesho. Anemoni mkubwa akioza usiku kucha kwenye tangi dogo hupandisha amonia kiasi cha kuua samaki wote, na amonia hiyo huwa kali zaidi maji yanapokuwa na joto na pH ya juu, ambayo ndiyo hali ya tangi lako. Badilisha nusu ya maji, weka mkaa wa kuchujia, pima tena jioni.

Wapo wafugaji wa ng'ambo wanaowatibu anemoni wagonjwa kwa antibaotiki ndani ya ndoo ya pembeni. Wengine wanafanikiwa. Kwa anayeanza, nisingegusa huko. Dawa hiyo ikimwagikia tangini inaweza kuua bakteria wanaosafisha maji yako, na ukabaki na matatizo mawili.

Anatembea

Anemoni hutembea kwa mguu, taratibu, na akihama anakuambia hapo hapamfai. Ama mwanga ni mdogo au mkali mno, ama mkondo wa maji unampiga, ama mguu haujapata pa kujificha. Kila aina ina makao yake. *Entacmaea quadricolor*, yule mwenye ncha za vifundo na ndiye ninayempendekeza kwa mwanzo, anataka ufa wa jiwe auzamishe mguu. *Heteractis magnifica* hupanda juu kabisa ya mwamba palipo na mwanga na mkondo mkali, na hukaa hapo kwa maringo. *Macrodactyla doreensis* huzika mguu mchangani. *Stichodactyla haddoni*, wa kundi la mazulia, anemoni wapana kama zulia, pia ni wa mchanga. Ukimnunua huyu wa mchanga ukamweka juu ya jiwe, atahama hadi achoke.

Mwache achague. Kazi yako ni kuzuia asisagwe: funga sponji au wavu kwenye kila pampu na kila mdomo wa filta kabla hajaingia tangini. Anemoni aliyevutwa na pampu mara nyingi haponi, na mabaki yake yanasambaa tangi zima.

Asiposhika kabisa na anaelea, mzimie mkondo kwa saa moja na umweke kwenye ufa kwa mkono wenye glavu. Angalia pia chini ya mguu. Ukiwa umechanika, alibanduliwa kwa nguvu huko alikotoka, na hiyo ndiyo sababu ya kumkagua mguu kabla ya kulipa.

Amekuwa mweupe

Weupe maana yake amepoteza ule mwani wa ndani. Joto ndilo chanzo kikubwa; mwaka 1998 matumbawe ya Kenya na Tanzania yaliunguzwa na bahari yenye joto kupita kiasi kwa njia hiyohiyo. Mwanga hafifu wa muda mrefu nao hufanya hivyo, na taa mpya kali iliyowashwa kwa nguvu zote siku ya kwanza vilevile.

Wengi hununua mweupe wakidhani ndiyo rangi yake, kwa sababu anapendeza. Rangi ya afya ni kahawia, kijani, au nyekundu yenye kahawia ndani yake. Anayeng'aa manjano kama limau au waridi wa pipi huenda amepakwa rangi. Wafanyabiashara wamekuwa wakifanya hivyo kwa anemoni waliokwisha kuwa weupe.

Anaweza kupona, ila ni kazi ya miezi. Taa ianze chini na kupandishwa kidogo kila wiki, saa 8 hadi 10 kwa siku. Kwa kuwa mwani haumlishi tena, mlishe wewe: kipande cha kamba mbichi au ngisi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, mara mbili kwa wiki. Kahawia ikianza kurudi kwenye shina la minyiri, uko kwenye njia sahihi.

Anatema chakula

Kipande ni kikubwa. Au hakuwa tayari, ametoka safarini juzi. Kata kidogo zaidi, na subiri wiki moja kabla ya kumlisha mgeni. Kamba wa sokoni wanafaa wakiwa wabichi na wameoshwa. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi hawafai.

Vifundo vimepotea

*Entacmaea* mwenye vifundo akirefusha minyiri ikawa mistari mitupu, hajaugua. Hakuna mwenye jibu moja la kueleza kwa nini. Kama anakula na mguu umeshika, usibadilishe chochote. Hali ni hiyo pia akigawanyika na kuwa wawili: wakati mwingine ni afya, wakati mwingine ni msukosuko, na vipimo ndivyo vitakavyokuambia ni lipi.

Klauni hamtaki, au anamtaka kupita kiasi

Samaki klauni, yule anayeishi kati ya minyiri ya anemoni, si lazima kwa anemoni, na anemoni si lazima kwa klauni wa tangini. Ukitaka wakubaliane, fuata ndoa zilizopo baharini. Klauni wa pwani yetu *Amphiprion allardi* huishi na *Entacmaea quadricolor*. *Amphiprion akallopisos*, yule mwenye mstari mweupe mgongoni, hupenda *Heteractis magnifica*. Yule wa machungwa na mistari mitatu meupe, anayeuzwa kila mahali, si wa bahari ya Afrika Mashariki, na kwao haishi na *Entacmaea*, ingawa tangini wengi huishia kumzoea.

Klauni mkubwa kwa anemoni mdogo aliyewasili jana ni balaa. Anajisugua, anachimba, na mgeni anakataa kufunguka. Tenganisha kwa kikapu chenye matundu hadi anemoni ashike na kula.

Na kama samaki wengine wanapotea usiku mmoja mmoja, mtazame anemoni zulia wako. Hao hula samaki, na si wachache waliolipia chakula ghali namna hiyo.

Kuhusu kumchukua mwenyewe baharini: katika hifadhi kama Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, hairuhusiwi kutoa kitu chochote, na nje yake ukusanyaji wa viumbe hai wa mapambo unahitaji leseni. Nunua kwa mwenye leseni, au bora, chukua kipande kilichogawanyika tangini kwa mfugaji mwenzako. Huyo amekwisha kuzoea maisha ya kioo.

Vimeota vidogo vya kahawia ambavyo hukununua

Hao ni Aiptasia. Walikuja na jiwe, wana urefu wa sentimita moja au mbili, wanauma majirani na kuzaana haraka. Usiwakwaruze wala kuwaponda, kwa kuwa kipande kidogo cha mguu kikibaki hukua upya. Wakiwa wachache, zima pampu, chukua sindano ya hospitali na mpige kila mmoja mdomoni kwa uji mzito wa hidroksidi ya kalisi au maji ya limau. Usipige wengi siku moja, pH itayumba. Jiwe likiwa limejaa, litoe, likaushe kabisa juani, na ulirudishe likiwa limesuguliwa; usilichemshe, kwa kuwa mvuke wake unaweza kuwa na sumu. Bakteria wake watakuwa wamekufa, kwa hiyo lihesabu kuwa jiwe jipya na upime amonia wiki nzima.